Mtaa umegeuka, au watu walibaki nyumbani? Kusoma kura za Majengo, Mombasa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Majengo, Mombasa. Mwaka 2022 nilikuwa wakala wa chama katika chumba kimoja cha kupigia kura hapa mtaani. Kampeni zilijaa mpaka barabara ikafungwa, lakini siku yenyewe, ilipofika saa nane mchana, tulikuwa tumekaa tunapiga miayo. Usiku tulipohesabu, wilbaro (UDA, chama cha Ruto) ilipata kura nyingi kuliko nilivyotarajia, na huu ni mtaa ambao tangu nipate akili naambiwa ni ngome ya chungwa, yaani ODM ya Raila. Wazee barazani wanasema vijana ni wavivu. Wengine wanasema mtaa umegeuka. Nani yuko sahihi? Na nitajuaje mtaa wangu unaegemea wapi kabla ya 2027? Picha ya fomu 34A, ile ya matokeo ya kura ya rais, ya chumba changu bado ninayo kwenye simu.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza, picha hiyo usiifute. Ihamishe pahali pengine pia, maana simu huanguka baharini. Karatasi hiyo ina habari nyingi za mtaa wako kuliko maneno yote utakayoyasikia barazani kutoka leo hadi 2027, na nitakuonyesha jinsi ya kuisoma.

Umeniuliza mambo mawili kana kwamba ni mbalimbali: watu wangapi walitokea, na mtaa unaegemea wapi. Hapa kwetu Mombasa mambo hayo hayatengani. Ukitazama moja ukaliacha la pili, utapotea kama walivyopotea wazee wako na wale wanaosema mtaa umegeuka. Kwa maoni yangu mtaa wako haujageuka sana. Sehemu kubwa ya ngome ilibaki nyumbani, na uvivu ni sababu ndogo kabisa.

Tuanze na kaunti nzima. Mwaka 2022 sajili ya Mombasa ilikuwa na majina 641,913. Waliopiga kura hawakufika hata nusu, walikuwa kama asilimia 44, na hakuna kaunti iliyokuwa chini yetu nchi nzima. Raila Odinga alipata kura 161,015 na William Ruto 113,700. Kwa asilimia, ni kama 58 kwa 41. Miaka mitano kabla, Agosti 2017, Raila alikuwa karibu na asilimia 70 hapa, na Uhuru Kenyatta kama 30. Basi mtu akitazama asilimia peke yake atasema: upande wa pili umepanda kwa pointi 11, Mombasa inageuka.

Sasa ziache asilimia, zitazame kura zenyewe. Uhuru alipata karibu kura laki moja Mombasa mwaka 2017. Ruto akapata laki moja na elfu kumi na tatu na kitu. Upande ule ulikua kidogo tu. Upande wa chungwa ndio ulioporomoka: kutoka zaidi ya laki mbili mpaka 161,015. Makumi ya maelfu ya kura hayakuhamia kwingine kwa wingi wa kutosha kuonekana. Hayakutokea tu.

Nikupe mfano wa kubuni, wa chumba kimoja, ili hesabu iingie mkononi. Tuseme chumba kina majina 600. Uchaguzi wa kwanza wanakuja watu 400: chungwa 280, upande wa pili 120. Hiyo ni 70 kwa 30. Uchaguzi wa pili wanakuja 290: chungwa 170, upande wa pili wale wale 120, wala hawakuongeza hata mtu mmoja. Asilimia sasa ni 59 kwa 41. Msimamizi wa kituo akisoma matokeo, wakala wa upande wa pili ataruka kwa furaha, nawe utatoka ukisema mtaa umegeuka. Na hakuna mtu hata mmoja aliyebadilisha msimamo wake.

Utaniambia huo ni mfano wa karatasini. Basi chukua wa kweli, uliotokea mbele ya macho yetu katika mwezi mmoja. Unakumbuka tarehe 8 Agosti 2022, mkesha wa uchaguzi, tume ya uchaguzi, IEBC, ilisimamisha kura ya ugavana Mombasa na Kakamega kwa sababu karatasi zilikuwa na makosa ya picha na majina ya wagombea. Kura ya rais ikapigwa tarehe 9, ya ugavana ikapigwa tarehe 29. Sajili ile ile, vyumba vile vile, wino haujafutika vizuri vidoleni. Abdulswamad Nassir wa ODM alishinda kwa kura 119,083, Hassan Omar wa UDA akapata 98,108. Linganisha na kura ya rais: kati ya tarehe 9 na tarehe 29 chungwa ilipungukiwa na kura 41,932, wilbaro ikapungukiwa na 15,592. Najua wagombea ni watu tofauti na kila mmoja ana wafuasi wake, kwa hivyo hesabu hii si mizani ya dhahabu. Lakini inaonyesha wazi ni upande upi uliochoka haraka zaidi. Siku hiyo ni kama theluthi moja tu ya sajili iliyotokea, na pengo la wagombea wakuu likashuka kutoka elfu 47 hadi elfu 21.

Sasa hili la uvivu. Linaniuma, kwa sababu nimelisikia likisemwa juu ya watu ambao nawajua kwa majina.

Asilimia ya waliotokea ni kugawanya: juu unaweka waliopiga kura, chini unaweka majina ya sajili. Watu hubishana juu ya namba ya juu, na hakuna anayeiuliza ile ya chini imetoka wapi. Mimi nilifanya hesabu ya nyumba moja. Ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, ya mama mmoja mjane ambaye nyumba ni yake lakini ardhi si yake, kama ilivyo nusu ya Majengo. Tuliketi ukumbini na kikombe cha kahawa, tukaanza kuwataja mmoja mmoja wote waliojiandikisha wakiishi pale. Mpangaji wa chumba cha mbele alihamia Mtwapa kodi ilipopanda. Mtwapa ni kaunti ya Kilifi, lakini jina lake bado liko kwenye kituo cha kura cha shule yetu. Msichana wa chumba cha pili yuko Jeddah, anatunza watoto wa watu. Mzee wa chumba cha nyuma tulimzika, na jina lake lilikuwa bado kwenye sajili. Kijana wa bodaboda alikuwepo Mombasa siku ile, lakini alikuwa anabeba abiria, maana siku ya kura nauli ni nzuri. Mama mwenyewe alipiga. Mwanawe naye alipiga, baada ya kusukumwa. Ukizigawanya namba za nyumba ile utapata mahudhurio mabaya sana, na mvivu humwoni.

Mtaa wa kupanga una tabia hiyo. Mtu wa shamba akijiandikisha leo, uchaguzi ujao utamkuta pale pale na mnazi wake. Mpangaji wa chumba kimoja mjini anahama na sajili haihami naye. Katika miaka mitano mtu anaweza kutoka Majengo akaenda Kisauni, akarudi Tudor, akavuka Likoni. Nyumba za zamani za Buxton zilipobomolewa ili zijengwe upya, wapangaji walitawanyika kila upande wa kisiwa na nje yake. Sheria inaruhusu kuhamisha usajili, lakini lazima uende mwenyewe, na kwa wakati, kabla sajili haijafungwa. Anayekumbuka wiki mbili kabla ya kura amechelewa.

Na la Ghuba ulifikirie vizuri, kwa sababu Majengo na Mji wa Kale zina dada zetu wengi kule. Mwaka 2022 Wakenya walio nje waliruhusiwa kumchagua rais katika nchi 12, na sajili yao yote ilikuwa na watu 10,443 tu. Qatar na Falme za Kiarabu zilikuwemo. Saudia haikuwemo. Dada aliyeko Jeddah au Riyadh hawezi kupiga kura huko, hawezi kupiga hapa, na jina lake linahesabiwa kuwa ni mtu aliyekataa kutoka.

Wapo pia wasiohesabiwa kabisa: vijana waliokwama na kitambulisho, mwaka wa kwanza waliambiwa lete cheti cha babu, wa pili warudi wiki ijayo. Hawamo kwenye sajili, kwa hivyo hata asilimia ya waliotokea haiwataji.

Hayo ni ya sajili. Yanaeleza kwa nini mtaa wa kupanga huwa nyuma ya kijiji kila mwaka. Hayaelezi kwa nini 2022 ilikuwa mbaya kuliko 2017, ilhali wapangaji wa 2017 walikuwa wapangaji vilevile. Hapo pana kitu kingine, na hicho ni siasa yenyewe.

Fikiria mtu aliyekuwa akiishi kwa bandari: dereva wa lori, utingo wake, kuli, mama anayewauzia chapati na maharagwe nje ya yadi za kontena. Reli ya SGR ilipoanza kubeba mizigo na kontena zikaelekezwa bara kwa amri, kazi ilikatika. Mwaka 2019 watu waliandamana mjini Jumatatu baada ya Jumatatu. Serikali iliyofanya hivyo ilikuwa ya Uhuru, na zamani chungwa walikuwa wakiipinga. Lakini baada ya kupeana mikono Machi 2018, Raila na Uhuru walikuwa kitu kimoja, na mwaka 2022 Uhuru alimpigia Raila kampeni. Ruto naye, aliyekuwa naibu wa rais wakati amri hiyo ikitolewa, alikuja Mombasa akaahidi kuirudisha kazi ya bandari. Sasa mtu aliyekuwa wa chungwa kwa miaka 15 afanye nini? Wilbaro haiamini, nyumbani kwake hakuna aliyewahi kuupigia upande ule kura. Chungwa nayo imekaa na wale waliomkata riziki. Wachache walivuka. Wengi, kwa kadiri ya nilivyowasikia, walisema: mara hii sitoki.

Kutotoka nako kulikuwa kumeshafundishwa. Oktoba 26, 2017, kwenye marudio ya uchaguzi, Raila mwenyewe aliwaambia wafuasi wake wasiende, na nchi nzima waliotokea wakashuka chini ya asilimia 40. Kabla ya hapo Pwani tulikuwa na MRC, kundi lililotaka Pwani ijitenge, na ule wito wa Pwani si Kenya, waliosema kura yenyewe haituhusu. Mimi sikukubaliana nao, lakini sikuwaona kuwa wajinga. Mtu akiishi kwenye nyumba ambayo ardhi yake si yake tangu enzi za bibi yake, na kila baada ya miaka mitano anakuja mgombea kuahidi hati, ipo siku atachoka. Kukaa nyumbani kwake ni jibu. Ni jibu baya, kwa sababu wanaohesabu hawalisikii, lakini usiliite uvivu.

Na jambo moja zaidi ambalo vyama havipendi kulisikia. Ngome ikiwa ngome sana, ushindani huhamia kwenye tiketi. Mwaka 2017 tulikuwa na Joho, Omar na Shahbal wakipambania ugavana kila kona, na kila mmoja ana watu wake wa kuamsha mlango kwa mlango alfajiri. Mwaka 2022 Shahbal alijiondoa akamwachia Abdulswamad tiketi ya ODM, mambo yakamalizwa mezani. Chama kilidhani kimeokoa nguvu. Kilichopotea ni wale vijana waliokuwa wanagonga milango. Wewe ulikuwa wakala, jiulize: alfajiri ile ni nani aliyeugonga mlango wako?

Sasa tuje kwenye fomu yako. Utaiona na idadi ya waliosajiliwa katika chumba, kura halali, kura zilizokataliwa, na kura za kila mgombea. Kosa la kwanza wanalofanya watu ni kuichukua fomu ya chumba kimoja wakasema huu ndio mtaa. Sheria inataka chumba kisizidi wapiga kura 700, kwa hivyo shule moja inaweza kuwa na vyumba vinne, vitano, hata zaidi. Na majina hugawanywa kwa alfabeti! Hawakugawa kwa nyumba wala kwa kichochoro. Hapa kwetu chumba cha kina Abdalla, Aisha, Ali na Amina kitakuwa na sura moja, na chumba cha kina Kamau, Katana, Kilonzo na Mutua kitakuwa na sura nyingine, ijapokuwa watu hao hukaa ukuta kwa ukuta na hununua mahamri kwa mama mmoja. Nimewahi kumwona mtu akibishana mpaka usiku kwamba vyumba viwili vya shule moja haviwezi kupishana namna ile bila wizi. Vinaweza. Kabla ya kulia wizi au kugeuka kwa mtaa, kusanya fomu za vyumba vyote vya shule yako uzijumlishe. IEBC ilizipandisha zote mtandaoni mwaka ule na watu wengi walizipakua. Mawakala wenzako nao wana picha kama wewe.

Ukishajumlisha, usianze na asilimia. Andika kura zenyewe za kila upande, kisha mstari wa chini andika majina yaliyosajiliwa ambayo hayakutokea. Kundi hilo la tatu katika mitaa yetu karibu kila mara ndilo kubwa kuliko yote. Fanya hivyo kwa 2017 na kwa 2022. Kama upande wa pili umeongezeka kura kwa wingi sawa na zile zilizopungua kwa chungwa, basi ndiyo, mtaa umegeuka, na wenye chungwa waache kujidanganya. Kama chungwa imepungua na upande wa pili umesimama pale pale, mtaa umenyamaza. Kuna na hali ya tatu: pande zote zimepungua, na hapo uulize sajili kwanza kabla ya siasa.

Kisha tazama karatasi nyingine, usikomee kwa ile nyeupe ya rais. Watu wa mjini hugawa kura. Nairobi mwaka 2022 Raila alimshinda Ruto kwa kura 767,395 dhidi ya 561,775, na siku ile ile, kwenye masanduku yaliyokaa bega kwa bega, Johnson Sakaja wa UDA akamshinda Polycarp Igathe kwa 699,392 dhidi ya 573,516. Hapa kwetu ODM ilichukua viti vitano kati ya sita vya ubunge, na Nyali ikamrudisha Mohamed Ali kwa tiketi ya UDA, yeye ambaye 2017 walimpeleka bungeni bila chama chochote. Watu wa Nyali walimfuata mtu. Kwa hivyo ukitaka kujua rangi ya mtaa wako, usichukue kiti chenye mgombea maarufu wa nyumbani. Kura ya mwakilishi wadi haikusaidii kitu: pale watu hupiga shemeji, jirani, mwalimu wa madrasa na kocha wa mpira. Kiti cha seneta au cha mwakilishi wa akina mama, ambako wengi hufuata chama, kitakuonyesha zaidi.

Kuhusu 2027 nitakueleza ninavyoona, wala sitakutabiria. Tangu 2007 kila uchaguzi mkuu karatasi ya rais ilikuwa na jina la Raila, na mtu wa Majengo mwenye umri wa miaka 35 hajawahi kupiga kura ya rais bila jina hilo. Raila alifariki Oktoba 2025. Kabla ya kufa chama chake kilikuwa kimeshaingia serikalini na Ruto, na Joho, gavana wetu wa miaka kumi, akawa waziri. Basi ule mgawanyo wa chungwa huku na wilbaro kule, ambao ndio umekuwa kipimo cha mtaa wetu, umelegea kutoka juu. Mtaani sijui mtu yeyote aliyeulizwa. Vijana walioandamana Juni 2024, hapa Mombasa pia, hawakubeba chungwa wala wilbaro. Bendera ya taifa na chupa za maji ndizo walizozishika, na baadhi yao 2022 hawakuwa wamefika umri wa kujiandikisha.

Kwa sababu hiyo, ukiniuliza mtaa wako unaegemea wapi, nitakuambia kipimo cha kwanza hakitakuwa kura ya maoni wala umati wa mkutano. Umati huja kwa lori na huondoka kwa lori, na wewe mwenyewe umeuona ukifunga barabara kisha chumba kikabaki kitupu. Kipimo kitakuwa dawati la usajili. Tazama ni nani wanaojiandikisha upya na wanatoka nyumba zipi. Tazama wale waliohamia Majengo kutoka Likoni na Changamwe: wamehamisha majina yao, au bado wako huko? Mtaa wenye vijana wanaohamisha majina ni mtaa uliokusudia kutoka, na hapo hata chama kilichozoea kuuhesabu kuwa mali yake lazima kije kubisha hodi.

Anza na nyumba yako. Keti ukumbini na mama wa nyumba kama nilivyoketi mimi, uandike kila jina la aliyejiandikisha akiishi hapo, na pembeni yake uandike leo yuko wapi. Aliyehamia mtaa mwingine mwambie ahamishe jina sasa, na wewe ukihama fanya hivyo hivyo. Kisha nitumie jumla ya vyumba vyote vya shule yenu ya mwaka 2022. Za 2017 za Majengo ninazo hapa kwenye daftari, tutaziweka ubavu kwa ubavu.